Majuma Matatu ya Mzee Shabani

Nakumbuka Ijumaa moja ya mwaka tisini na mbili, mwanangu, nikiwa nimesimama kwenye baraza ya msikiti hapa Biryogo, na karatasi ya komini, ndiyo serikali ya wilaya siku zile, imekunjwa ndani ya mfuko wa koti langu. Watu walikuwa wametoka kuswali, wananingoja niseme. Nikawasomea habari ya bomba la maji litakalowekwa karibu na soko, wakafurahi, wazee wakaniombea dua. Ile ya mfukoni sikuisoma. Leo wewe umechaguliwa kuingia baraza la kata, mama yako kaja kunishika mkono kwa furaha, nami nikamwambia akulete. Keti unisikilize, na usinikatize, maana nikikatizwa huwa natafuta njia ya kujisamehe.

Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, diwani wa mtaa wetu, konseye kama tulivyosema siku zile. Kazi yenyewe haikuwa na ugumu wa kuielewa: unahudhuria mikutano ya komini, unarudi, unawaambia watu kilichoamuliwa. Karatasi zilikuja kwa Kifaransa na Kinyarwanda, na kwetu tangazo halikuwa tangazo mpaka konseye alitamke kwa Kiswahili baada ya sala ya Ijumaa. Hata likibandikwa ukutani watu walilipita wakisema tutasikia kwa konseye. Walituamini hivyo, na mimi nililewa imani yao. Nilipenda kushukuriwa. Habari njema nilizikimbiza mbio, habari mbaya nilizilaza mfukoni kwanza nikizitafutia dawa, ili nitakapozileta nizilete pamoja na dawa yake. Nilijiona mwerevu sana.

Karatasi ile ilisema nyumba kumi na moja zilizo kando ya mfereji wa maji ya mvua zitavunjwa, mfereji upanuliwe. Wenye nyumba walipewa majuma matatu kupeleka hati zao komini waandikiwe viwanja vingine. Atakayechelewa, basi tena. Nyumba ya saba ilikuwa ya Mzee Shabani.

Mzee Shabani alikuwa fundi cherehani. Ndiye aliyenishonea kanzu yangu ya kwanza, ndiye aliyesimamia maziko ya baba yangu, na nilipogombea ndiye aliyezunguka nyumba kwa nyumba kuniombea. Mwezi ule alikuwa akimwoza binti yake wa pekee, Zaituni, kwa kijana wa papa hapa mtaani. Mke alikuwa amekwisha fariki, kwa hiyo harusi nzima ilikuwa juu yake, naye akaapa kwamba wageni hawataketi chini ya paa linalovuja. Akanunua mabati mapya. Nilipita kwake Jumapili nikamkuta juu ya ngazi, nyundo mkononi.

"Konseye, mwanangu," akasema, "nasikia maneno maneno. Iko karatasi imetoka komini?"

"Hakuna kitu, Mzee. Wewe ezeka tu."

"Kweli?"

"Ingekuwa iko, si ningekuambia wewe wa kwanza?"

Akacheka, akaniomba nimpokeze misumari. Nikasimama chini ya ngazi ile nikampa msumari mmoja baada ya mwingine mpaka pakiti ikaisha, nami najua paa lile halina mwezi. Hapo ndipo ninapojichukia, mwanangu, kuliko mahali pengine popote katika maisha yangu.

Usidhani nilimtakia mabaya. Kulikuwa na karani mmoja komini, nilifahamiana naye, akaniambia jambo lile linaweza kuzungumzika, nirudi Jumatatu. Jumatatu akasema Alhamisi. Nikajiambia, harusi ipite kwanza, ya nini kumtia mzee wa watu simanzi? Harusi ikapita, na pilau lake nikala. Nikajiambia tena, Alhamisi hii mambo yatakwisha. Kumbe huku Mzee Shabani, kwa vile nilikuwa nimemhakikishia, alikuwa akiwatuliza majirani: konseye amesema hakuna. Nyumba nne hazikumsikia, zilikuwa na ndugu yao bawabu wa komini aliyewadokezea, wakapeleka hati zao kimyakimya na wakapata viwanja. Wale wengine walitulia nyumbani wakiningoja mimi.

Vibarua walikuja Jumatano asubuhi, siku mbili baada ya muda kwisha. Nilifika nikihema, nikamvuta msimamizi wao pembeni na kuanza kumfokea, nikijifanya nami ndiyo kwanza nasikia. Alikuwa mtu mpole tu. Akatoa nakala ya karatasi, akaniwekea kidole kwenye sahihi yangu ya kupokea na tarehe yake. Nilipogeuka nikamwona Mzee Shabani nyuma yangu. Herufi zile hakuzijua, alisoma za Kiarabu tu, lakini tarakimu alizijua na sahihi yangu aliifahamu. Akaitazama ile tarehe muda mrefu.

"Nyumba kuvunjwa, sawa, ni amri ya serikali," akasema bila kupaza sauti. "Lakini mimi walinipa majuma matatu, Bwana Konseye. Yalikuwa yangu. Kwa nini umeyakalia?"

Nikasema nilitaka kumsaidia.

"Nani alikuomba msaada? Sisi tulikutuma utuambie tu. Ningelia siku moja, kesho yake ningechukua hati zangu niende. Wewe uliniona mimi mtoto, siwezi kusikia kitu kibaya?"

Majirani walipotukusanyikia nikawaambia komini imetuvamia bila kutoa taarifa. Naam, nilisema hivyo, palepale, na yeye ananisikia. Alikuwa na neno moja tu la kusema na mimi ningefukuzwa Biryogo kwa mawe. Hakulisema. Aliinama akaendelea kuokota mabati yake yaliyopindapinda. Lakini tangu siku hiyo hakuniita mwanangu tena.

Hakuwa na kiwanja, na kuishi kwa mkwe aliona aibu. Akahamia Kinyinya, nje ya mji, kwenye shamba la shemeji yake. Siku zile kule kulikuwa migomba na maharage, hakuna hizi nyumba unazoziona zikijengwa leo. Nilikwenda kumtazama mara moja tu, na kilo mbili za sukari. Akanipokea kwa adabu, akanipa chai, akaniuliza hali za watu wa mtaa, kila mmoja kwa jina lake. Nilimwona mpweke. Majirani wa kule walimwita yule mzee wa mjini, na hakuna aliyejua jina lake.

Kisha ikaja Aprili ya tisini na nne. Yaliyotokea unayajua, mmefundishwa, na mimi sina nguvu ya kuyarudia. Kitambulisho cha Mzee Shabani kiliandikwa Mtutsi. Cha Zaituni vilevile, lakini yeye alikuwa Biryogo, kwa watu waliomjua tangu akibebwa mgongoni, na jirani mmoja alimficha darini mpaka hatari ikapita. Baba yake alikuwa ugenini. Alibisha hodi nyumba mbili, hivyo ndivyo tulivyosimuliwa baadaye, na zote mbili walimwambia hatukujui, mzee.

Sisemi mimi ndiye niliyemuua. Waliomuua wana majina yao. Na Biryogo nako wapo waliofichwa wakafikiwa, kwa hiyo siwezi kuapa kwamba angepona. Lakini katika mtaa huu palikuwa na milango mingi ambayo ingefunguka kwa sauti yake tu, nami nilisaidia kumwondoa katika milango hiyo.

Unafikiri nilijifunza? Sikiliza. Zaituni alirithi kazi ya baba yake, ana cherehani tatu pale Nyamirambo. Miaka yote alinisalimia kwa heshima, na kila tulipomtaja marehemu alitikisa kichwa: "Baba alikuwa mkaidi. Wenzake walisikia fununu wakakimbilia komini, yeye akapanda kuezeka paa. Angesikia, angekuwa na kiwanja chake hapa karibu." Na mimi nilitikisa kichwa pamoja naye. Mzee alikufa bila kumwambia mtu siri yangu, hata mwanawe, na mimi nikaiacha lawama yangu ikae juu ya kaburi lake kwa miaka thelathini. Kuna uoga mkubwa kuliko huo?

Mwezi uliopita nilikwenda dukani kwake asubuhi, kabla ya wateja, nikamweleza yote: karatasi, ngazi, misumari, sahihi. Alisikiliza mikono ikiwa juu ya kitambaa. Nilitegemea matusi, na ningeyapokea.

"Nimemsema baba yangu mbele ya watoto wangu," akasema. "Nimewaambia wasiwe kama babu yao." Akaanza kukunja kitambaa. "Nenda, Mzee."

Nikaenda. Tukikutana njiani sasa hanisalimii, na haki yake.

Basi, mwanangu, unachukua kazi niliyoiharibu. Karatasi ikifika mkononi mwako, siku hiyohiyo iwafikie wenyewe, hata kama kuna harusi, hata kama kuna msiba. Usiifanyie karamu ile tamu na kuificha ile chungu. Ukitaka kuwatetea, watetee, lakini waambie kwanza, kwa sababu ule muda si wako, ni wao, na hujui wangeutumia kufanya nini. Watakununia, watakutukana, pengine hawatakuchagua tena. Afadhali hivyo kuliko kupendwa nilivyopendwa mimi.

Nenda, Mungu akutangulie. Akupe miguu ya kufika penye mlango ambao hutaki kuubisha, akupe na sauti ya kusema ulichotumwa chote. Na siku utakapokosea, maana utakosea, akujalie ukiri mapema, aliyekosewa akiwa bado hai.