Droo ya Thelathini na Moja

Saa kumi na dakika kumi na saba alasiri, siku ya Alhamisi, simu yangu ilitikisika mara tatu juu ya meza ya kazi, na skrubu ndogo niliyokuwa nimeishika kwa koleo ikaruka ikapotelea chini ya kabati. Kwa kawaida ningepiga magoti na sumaku mkononi mpaka niipate. Siku hiyo sikuitafuta. Ujumbe ulitoka kwa mwalimu mmoja wa Ulyankulu na ulikuwa na maneno matatu: "Mzee, kionjo kimetoka."

Mimi ni fundi saa. Nina kibanda Ng'ambo, hapa Tabora, na nimekaa humo miaka ishirini na sita. Shuleni niliishia darasa la saba. Kiingereza nilijifunza kwa kamusi, na kompyuta nilijifunza kwa kununua moja iliyokufa na kuifungua mpaka ikafufuka. Ndani yake mwenye zamani alikuwa ameacha mchezo mmoja wa mafumbo. Mchezaji anajikuta peke yake katika kituo cha posta kilichohamwa, chenye mizani, barua zilizokunjwa, na kabati la droo thelathini na moja. Kila droo ina fumbo lake. Nilifungua droo thelathini kwa miezi saba. Ya thelathini na moja haikufunguka, na nilipoingia kwenye jukwaa la wachezaji mtandaoni niligundua kuwa haikumfungukia mtu yeyote duniani. Watengenezaji walisema neno moja tu: subirini sehemu ya pili.

Tulisubiri miaka minne. Nasema tulisubiri kwa sababu hatukuwa mimi peke yangu. Mwalimu wa Ulyankulu, kijana wa miaka thelathini hivi anayefundisha hisabati, alikuja siku moja kutengeneza saa ya baba yake, akaona kioo cha kompyuta, na tangu hapo akawa anapanda basi kila Jumamosi. Wa tatu alikuwa jirani yangu, mama anayeuza vitenge kibanda cha pili. Yeye ni Mzaramo, mimi Mnyamwezi, kwa hiyo ni watani, na utani wetu ni wa tangu enzi za misafara, wakati babu zetu waliposhuka pwani na mizigo kichwani na babu zake wakawapokea kwa maneno. Mtani ana haki ya kukuambia lolote, kukuchukulia kitu na kukudai ukikomboe, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Mwanzoni alikuja kunicheka, mtu mzima ninayefungua droo za watu. Kisha siku moja aliona nimekwama kwenye fumbo la barua zilizokunjwa, akachukua karatasi, akaikunja kama anavyokunja kitenge cha doti, na droo ya kumi na tisa ikafunguka. Kuanzia hapo alikuwa na kigoda chake.

Kionjo cha sehemu ya pili kilikuwa video ya sekunde arobaini na moja. Nilimwita mtani, tukaitazama kwenye simu vichwa vikiwa vimegusana. Chumba chenye kuta za udongo. Mlango wa mbao wenye nakshi. Mzigo umefungwa kamba, umeegemezwa ukutani. Dirisha lenye umande kwenye kioo, na jogoo anawika. Mwishoni, kwa sekunde mbili tu, saa ya ukutani isiyo na tarakimu, yenye vistari kumi na viwili, mshale mfupi umepita kidogo kistari cha pili na mrefu umelala juu ya kistari hicho hicho.

"Rudisha," nilisema, ingawa simu niliishika mimi.

"Huo mshale mwembamba wa sekunde unarudi nyuma," mtani alisema. "Kama ninyi Wanyamwezi mkiona mwenye kudai."

"Na ninyi mkiona mzigo mnakwenda mbele?"

"Sisi tunakwenda mbele na pesa. Mzigo tuliwaachia ninyi, mlionekana mnaupenda."

Nilicheka, na kwa kuwa nina desturi ya kuandika kila kitu, nikaandika. Daftari langu lina safu nne: siku na saa, kilichoonekana, kilichosemwa, na maoni. Maneno yake niliyaandika safu ya tatu, na kwenye safu ya maoni nikaandika: utani.

Usiku ule jukwaa lilichemka. Watu wa nchi nyingi waliisimamisha video picha kwa picha. Wote walikwama kwenye saa. Wao waliisoma kuwa ni saa nane na dakika kumi, mchana au usiku, na haikulingana na umande wala jogoo. Mmoja alisema watengenezaji wamekosea. Mwingine alisema mwanga ule ni wa taa. Mimi nilikuwa nimekaa kitandani, mke wangu akiniuliza kama nimepata habari ya msiba, kwa jinsi nilivyokuwa nimetulia. Haikuwa msiba. Nilikuwa nimeielewa saa ile.

Wapo wazee Ng'ambo ambao mpaka leo huniletea saa zilizotegwa kwa hesabu yetu. Jua likichomoza, mishale yao iko kwenye kumi na mbili. Saa mbili asubuhi, mshale mfupi uko kwenye mbili, basi. Kwa mzee wa aina hiyo, saa ya kwenye kionjo ilikuwa saa mbili na dakika kumi asubuhi: wakati wa umande unaokauka na jogoo asiyechoka. Kuta za udongo, mlango wa nakshi, mzigo wa mpagazi. Sehemu ya pili ya mchezo niliousubiri miaka minne ilikuwa inatokea huku kwetu, kwenye njia ya misafara.

Asubuhi nilifunga kibanda, nikapanda baiskeli na futi ya chuma mpaka kwenye tembe la zamani nje ya mji, nikapima mlango wake wa nakshi, upana kwa kimo. Uwiano ulikaribiana na wa kwenye video. Nilipima pia vivuli. Hapa napaswa kusema kweli: kivuli cha mzigo kwenye kionjo kilikuwa kifupi kuliko kinavyopaswa kuwa saa mbili asubuhi. Niliandika kwamba huenda paa lina upenu. Kisha nikaandika nadharia yangu kwa Kiingereza, kurasa mbili, nikaiweka jukwaani.

Sijawahi kusomwa namna ile. Watu waliniuliza jinsi tunavyohesabu saa, nami nikawaeleza. Mtu mmoja alichora ramani ya njia kutoka pwani hadi Ujiji na kuweka nukta nyekundu Tabora. Mwalimu alipofika Jumamosi alikuwa amejaa furaha tangu mlangoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwalimu. Umesoma?"

"Nimesoma mara tatu. Ila mimi bado naona ni taa."

"Na umande?"

"Taa yenye umande."

Siku hiyo ndipo tulipowekeana sharti. Mafumbo yana ugumu huu: ukishaona jibu, huwezi kulisahau kwa makusudi. Mara ya kwanza ni moja. Kompyuta ni moja, kiti ni kimoja, na anayekaa kwenye kiti ndiye anayefungua droo. Walio nyuma wanafunguliwa. Sehemu ya kwanza kiti kilikuwa changu kwa sababu kompyuta ilikuwa yangu. Wenzangu walisema safari hii hapana. Tukakubaliana kwamba yule ambaye maneno yake kuhusu kionjo, yaliyosemwa kabla ya mchezo kutoka, yatakuwa ya kweli kuliko ya wengine, ndiye atakayekaa kwanza, na atakaa mpaka atakapotaka kuinuka. Mwalimu aliweka taa yake. Mimi niliweka saa yetu.

"Nami naweka mshale wangu," alisema mtani.

"Ule ulikuwa utani," nilimwambia.

"Basi natania mpaka mwisho."

Sikubishana. Nilikuwa na hakika kiti ni changu. Kwa siku kumi na nne nilitengeneza saa za watu huku nikifikiria droo ya thelathini na moja, na nilifanya kazi vizuri na haraka kuliko nilivyokuwa nimefanya mwaka mzima. Wateja waliokuja kuchukua saa zao walikaa kusikiliza. Mzee mmoja aliyetoka Isikizya kufuata saa yake ya mkononi aliniuliza mara mbili kama kweli wazungu wametengeneza mchezo wa kwetu, kisha akaomba aje kuuona.

Watengenezaji walitangaza siku na saa ya kutoa video nzima. Kwetu ilikuwa Jumamosi, saa kumi na mbili kamili jioni. Tulikuwa kibandani sote watatu, mwalimu kwenye ndoo iliyopinduliwa, mtani kwenye kigoda, mimi nimesimama kwa sababu miguu ilikataa kukaa. Video ilianza na chumba kile kile. Umande, jogoo, mzigo. Ikaja saa. Kisha, taratibu, kamera ikarudi nyuma, na pembeni mwa saa ikatokea fremu ya mbao, na ndani ya fremu hiyo tukaona mlango kinyume chake na mzigo kinyume chake.

Saa ilikuwa ndani ya kioo.

Kamera ikageuka, ikatuonyesha saa yenyewe ukutani. Mshale mrefu kwenye kistari cha kumi, mfupi karibu kukifikia. Asubuhi, saa nne kasoro dakika kumi kwa hesabu yetu, na kivuli kifupi kama nilivyokipima. Mshale mwembamba wa sekunde ukawa unakwenda mbele kama mishale yote ya dunia. Ndani ya kioo ulikuwa ukirudi nyuma.

Kwa miaka ishirini na sita nimekuwa nikitega saa za ukutani nikiwa nyuma yake, nikiutazama uso wake kwenye kioo kilichoko mbele yangu ili nione mishale. Kioo hicho kilikuwa hatua mbili kutoka nilipokuwa nimesimama.

"Chumba ni cha milimani huko kwao watengenezaji," alisema mwalimu, akisoma maandishi. "Mzee, wanasema pia mchezo unauzwa kuanzia sasa hivi." Akasoma mpaka mwisho. "Na ile taa yangu haipo."

Mtani alinyoosha mkono kwenye rafu, akachukua daftari langu, akafungua ukurasa wa Alhamisi ile na kumpa mwalimu.

"Soma, mwalimu. Macho yangu ya kike hayaoni vizuri."

Mwalimu alisoma siku, saa, maneno yake kuhusu mshale, na neno langu la maoni. Alilisoma neno hilo polepole, kwa sauti ya darasani.

"Mtu amekwambia kweli mchana kweupe," alisema mtani, "nawe ukaipa jina."

"Ungesema bila kutaja wadai ningekusikia."

"Ningesema bila kutaja wadai ungejua mimi mgonjwa."

Mchezo ulishuka kwenye kompyuta usiku kucha, kwa kifurushi tulichochangia watatu. Mwalimu alilala kwa shangazi yake akaenda misa ya kwanza. Jumapili saa nane mchana tulikutana tena. Mtani alikuwa amevaa kitenge kipya. Alikaa kwenye kiti, akakisogeza mbele, akaweka mkono kwenye kipanya, na hakukibofya. Alikuwa ananisubiri, na mimi nilijua anachosubiri. Kilicho mkononi mwa mtani kinakombolewa.

"Shilingi ngapi?" niliuliza.

"Elfu ishirini."

"Kwa kiti changu mwenyewe?"

"Kiti ni chako. Makalio ni yangu, na yanapaona pazuri hapa."

Mwalimu aligeukia ukutani akicheka. Tulishindana mpaka elfu kumi, nikalipa, naye akainuka kwa heshima zote, akanipangusia kiti kwa upindo wa kitenge. Nilikaa. Nikabofya. Kituo cha posta kilekile kikafunguka mbele yetu, na kabati lilelile, na droo ya thelathini na moja chini kabisa, barua iliyokunjwa juu yake, na ukutani saa na kioo vya kwenye video.

"Kwanza gusa ile barua," mtani alisema nyuma ya sikio langu.

"Nimenunua kiti."

"Kiti ndiyo. Mdomo ulibaki kwangu."

Ukimya aliuuza elfu mbili kwa saa. Nililipa wa saa mbili, elfu nne, na lazima niseme alikuwa mwaminifu. Alikaa kwenye kigoda na midomo ameibana. Nilijaribu mizani, nikajaribu kukunja barua, nikajaribu kuhesabu vistari vya saa. Mwalimu alijaribu hesabu zake kwenye karatasi. Ilipotimu saa tisa na dakika ishirini niligeuka, nikamwona mtani anatazama kioo cha kompyuta, halafu dari, halafu kioo cha kompyuta tena, kama mtu anayebana kikohozi. Alikuwa anajua. Alikuwa anajua tangu zamani.

"Sema," nilimwambia.

Alitikisa kichwa, akaonyesha mfuko wake wa pesa.

"Nimekulipa unyamaze. Sasa nakuomba uongee."

Alionyesha vidole vitatu. Nilimpa elfu tatu. Alizikunja, akazitia mfukoni, akasafisha koo.

"Barua yako inasomeka vibaya kwa sababu imeandikwa kwa ajili ya kioo. Ipeleke mbele ya kile kioo cha ukutani uisome humo. Ni kama yale maandishi ya kitenge upande wa nyuma."

Nikaipeleka. Herufi zikajipanga. Nilizungusha kitasa mara tano kulia na mara mbili kushoto, kama barua ilivyosema, na droo ya thelathini na moja ikafunguka, mkono wa mwalimu ukiwa begani mwangu na wa mtani ukiwa kichwani pangu. Ilikuwa saa tisa na dakika thelathini na nne. Nimeiandika kwenye daftari, na maneno ya mtani nimeyaweka safu ya tatu, na safu ya maoni nimeiacha wazi. Chini yake nimeandika hesabu ya siku: kiti elfu kumi, ukimya elfu nne, kuuvunja ukimya elfu tatu. Nimepoteza shilingi elfu kumi na saba.