Pumzi ya Mama Baada ya Kiharusi

Mama yangu alipopata kiharusi, mdomo wake ulipinda upande mmoja na hakuweza tena kuubana. Nilimtoa kijijini kwetu Walungu nikamleta mjini Bukavu, kwenye nyumba yangu ya vyumba viwili. Ndugu zangu waliona mimi ndiye mwenye nafasi: sina mume, sina mtoto, nafundisha fizikia sekondari ya wasichana.

Kila asubuhi nilimpikia uji. Alijaribu kuupuliza mwenyewe, lakini pumzi ilitoka pana na nzito, uji ukabaki moto vilevile. Nikachukua kijiko nikapuliza mimi. Aligeuza uso ukutani. Utotoni, aliyekuwa akinipulizia ni yeye.

Siku moja aliniuliza, kwa maneno ya kuteleza, mbona pumzi yangu ina baridi na yake ina joto. Nilimwambia zote zinatoka kifuani na joto lilelile. Nikaweka kiganja chake karibu kabisa na midomo yangu, nikaibana, nikapuliza: vuguvugu. Nikakisogeza mbali kidogo: baridi. Nilimweleza kwamba pumzi nyembamba inakimbia, na njiani inakokota hewa ya chumbani. Ikifika kwenye uji inafukuza mvuke. Ya mdomo wazi haina haraka, inafika na joto lake. Alisikiliza vizuri kuliko wanafunzi wangu.

Asubuhi moja nilifua mashuka yake uani kwa maji ya baridi, nikaingia kumuaga. Aliona vidole vyangu vimekakamaa.

"Leta mikono, maman," alisema. Ndivyo alivyoniita tangu nikiwa mdogo, 'mama' kwa Kifaransa. "Hii ningali naweza."

Akaishika kwa mkono wake usiopooza, akaihemea polepole, mdomo wazi, hadi damu ikaanza kutembea. Nilikuwa nimeshachelewa. Sikuitoa. Shuleni mkuu aliponiuliza nilisema barabara ilikuwa mbaya.

Alifariki wiki chache baadaye, mchana, nikiwa darasani. Jirani, mama mmoja muuza makaa, ndiye aliyenipigia simu. Tulimzika Walungu, na baada ya matanga kila mtu alirudi kwake.

Sasa nikitoka shule nawasha redio kabla ya kuvua viatu, ili nyumba iwe na sauti. Jirani ananishauri nipangishe kile chumba cha mama, nipate hata mtu wa kusalimiana naye. Jumapili, tukitoka misa, aliniuliza tena nimeamua nini.

"Bado," nilimwambia, na tukapanda kilima kuelekea nyumbani.