Kumchagulia Mama Mkwe Baiskeli ya Misigiri

Sogea nikusimulie, wewe unayetaka kununua baiskeli ya kwenda mbali. Najua umekuja na maswali yako: tairi kubwa au ndogo, gia ngapi, fremu nzito au nyepesi. Tutayafikia, hayana haraka. Lakini kwanza nikueleze habari ya mama mkwe wangu. Kabla yake nilikuwa nimewachagulia watu wengi baiskeli, na nilidhani hakuna kilichobaki cha kunishtua.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, tunaishi Utemini, mjini Singida, na likizo zangu nyingi huishia barabarani juu ya baiskeli. Majirani wanalijua hilo. Mtu akitaka kununua baiskeli ananipitia kwanza, na mimi napenda kueleza, sichoki. Kwa hiyo jioni moja mke wangu aliposema, tukiwa tunakula, "Mama anataka baiskeli," sikushangaa.

"Anataka kumnunulia nani?"

"Yeye mwenyewe."

"Atamtuma nani nayo?"

"Baba watoto, hunisikii? Aipande yeye. Aende nayo Misigiri."

Tonge nililokuwa nimelishika nikalirudisha kwenye sahani. Mama mkwe anaishi kijijini karibu na Ikungi. Kutoka kule mpaka Misigiri unavuka mji mzima wa Singida, halafu bado una safari ya siku nzima katika barabara ya malori. Na yule ni mama mwenye wajukuu wanaonyoa ndevu.

Mke wangu akanieleza taratibu, kama mimi ninavyowaeleza wengine. Dada mkubwa wa mama yuko Misigiri na miguu yake imeacha kufanya kazi. Hatoki tena kitandani bila kushikwa, na kumbukumbu nayo imeanza kumtoka. Mama hawezi kwenda kumwona kwa basi, maana tangu zamani gari humtapisha mpaka anazimia. Mara ya mwisho walimshusha njiani wakamlaza chini ya mti. Pikipiki nayo ni hivyo hivyo. Lakini baiskeli ameipanda tangu usichana, kwenda mashineni kusaga na kuchota maji. Amekaa akafikiri, akaona kwamba kama anataka kumwona dada yake akiwa bado anamtambua, hana usafiri mwingine.

"Na kasema wewe ndiye umchagulie," akamaliza. "Usipomchagulia atanunua ile ya jirani yake yenye breki moja."

Sasa hapa lazima nikueleze jambo moja, la sivyo hutaelewa kwa nini usingizi uliniruka. Siku hizi wako wengi wanaokula meza moja na mama wakwe zao. Nyumba niliyooa mimi si hiyo. Kwao mkwe hampi mama mkwe mkono, hamtazami usoni, na mama akiingia mlango huu mkwe hutokea mlango ule. Miaka yote ya ndoa yangu nilimjua mama yule kwa sauti, nayo ni sauti nzito, na kwa pindo la kanga likipita. Namwamkia kwa mbali nikiwa nimeinamisha kichwa: "Shikamoo mama." Naye hunijibu, "Marahaba baba," basi. Ungeniuliza ana urefu gani nisingekujibu.

Na mtu wa aina hiyo ndiye nimpimie baiskeli.

Baiskeli ya safari huanza na mguu. Si urefu wa mtu mzima, mguu: kutoka pale mapaja yanapokutana mpaka chini ya kisigino. Wawili wenye kimo kimoja wanaweza kutofautiana sana hapo. Kipimo hicho ndicho kinachokuambia fremu iwe na kimo gani. Nikamweleza mke wangu vizuri, akachukua kipande cha kamba ya katani, akaenda kwao Jumamosi. Aliporudi alinipa kamba ikiwa na fundo kila upande.

Nikailaza kwenye rula. Nikarudia. Mama alikuwa na miguu mirefu kunishinda mimi, na mimi si mfupi. Nilishtuka, lakini nikajiambia kumbe ndiyo maana ya sauti ile. Nikamwona akilini, mama mrefu kama mlingoti wa bendera. Nikaiamini kamba.

Pale Utemini kuna mtu anauza baiskeli za mtumba, amezipanga barazani mwake kama ng'ombe mnadani. Nilikaa naye siku mbili nikichagua. Niliacha zile za kike zisizo na bomba la juu, kwa sababu mama alikuwa amekwisha kusema hazitaki: ukizifungia mzigo mzito nyuma zinayumba. Nilitafuta fremu ya chuma, maana ya chuma ikivunjika mchomeleaji yeyote wa Ikungi ataiunga. Nilitazama kama ina matundu ya kufungia keria imara, na kama nafasi kati ya pedeli na tairi la nyuma inatosha kisigino kisigonge mzigo. Nikataka tairi la kipimo kinachouzwa kila duka la vijijini. Baiskeli nzuri yenye tairi lisilopatikana ni pambo tu. Na nikataka gia nyepesi kabisa, kwa ajili ya kurudi. Kwenda Misigiri upepo wetu hukusukuma mgongoni. Kurudi unakutandika usoni, na pale gia nzito humfanya mtu ashuke akokote.

Nikaipata, ya kijani, ndefu kama kamba ilivyotaka. Mama akaja mjini kwa baiskeli ya kuazima, akafikia kwa mpwa wake, na asubuhi mke wangu akamleta pale barazani kuijaribu.

Mimi nilijificha nyuma ya safu ya baiskeli, nimeupa uwanja mgongo. Nikaamkia, nikaitikiwa. Kisha nikaanza kutoa maelekezo nikiwa nimeutazama ukuta.

"Mama watoto, mwambie mama kwanza apande taratibu."

"Mama, anasema upande taratibu."

"Mwambie nimesikia," ikajibu sauti nzito.

"Mwambie azunguke uwanja mara moja."

"Mama, anasema uzunguke..."

"Mwambie masikio ninayo."

Muuzaji akacheka. "Mwalimu, leo unaufundisha ukuta?"

Kulikuwa na jiwe pale barazani. Nilisikia mama akipanda juu ya jiwe, akikaa, akisukuma. Cheni ikalia vizuri. Wanawake waliokuwa wakiuza vitunguu ng'ambo ya njia walipiga vigelegele. Na kweli, nilivyosikia, alikuwa anaendesha kwa utulivu kuliko vijana wengi ninaowajua. Nikapumua. Nikageuka kidogo tu, kwa jicho la pembeni, nione tairi linavyokwenda.

Mshtuko wa kwanza ukanipata hapo. Aliyekuwa juu ya baiskeli alikuwa mama mdogo, mfupi, amejifunga kanga juu ya suruali ya kiume iliyokunjwa chini. Vidole vyake vya miguu ndivyo vilivyokuwa vikizifikia pedeli, tena kwa kunyoosha. Nikataka kusema kitu. Kabla sijasema, mbuzi akakatiza uwanjani.

Mama akafunga breki. Baiskeli ikasimama kama inavyotakiwa. Akashusha mguu ukanyage chini, na mguu haukukuta chini. Ulikuta hewa. Baiskeli ikaanza kulala upande wangu, polepole, naye juu yake, macho yake yakiwa yametoka na yangu vilevile. Tulitazamana. Miguu yangu ikaenda bila kuniuliza, na nilipojitambua nilikuwa nimemdaka chini ya makwapa, baiskeli imeanguka, na mama mkwe wangu ananing'inia mikononi mwangu mchana kweupe.

Mke wangu alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Hee!" muuzaji akapiga kelele. "Mwalimu kamdaka mama mkwe!"

"Kamkumbatia!" akaitikia mmoja wa wauza vitunguu. "Jamani, huyo mtamtoza mbuzi!"

"Yule yule aliyekatiza!" akadakia mwingine.

Mimi niliganda. Sikumshusha, sikumwachia, nilisimama naye tu kama mtu aliyebeba mtungi wa wenyewe. Ndipo ile sauti nzito ikatoka karibu kabisa na sikio langu.

"Baba, niweke chini kwanza. Halafu ndiyo ushtuke."

Nikamweka chini. Akajikung'uta, akaiangalia baiskeli, akamgeukia binti yake.

"Ile kamba ulinipimia wapi?"

"Kiunoni, mama."

"Kiunoni? Mimi baiskeli naikalia kwa kiuno?"

"Sasa mama, ningeigusisha wapi, na kamba yenyewe inakwenda mkononi kwa mkweo?"

Uwanja mzima ulilipuka kwa kicheko. Mimi sikucheka. Nilikuwa naona malori. Pale uwanjani alikuwa anamkwepa mbuzi, na mimi nilikuwepo. Barabara ya Misigiri ina malori yanayopita karibu yakipiga honi, na mtu akiyumba lazima ashushe mguu ukute lami. Kwetu tuna desturi ya kupandia baiskeli kwenye jiwe, au mtu akushikie, na ukishaanza kwenda kila baiskeli inakuenea. Kwa hiyo tunanunua kubwa, tunasifiwa, tunaondoka. Baiskeli isiyo yako hujulikana wakati wa kusimama. Nilikuwa nimebakiza kidogo tu nimkabidhi mama yule kifo chake, chenye rangi ya kijani na gia nyepesi.

Muuzaji akawapa chumba chake cha ndani. Mama akavua viatu, akaegemea ukuta, binti akambania kipande cha ubao katikati ya miguu mpaka juu kabisa, akapima toka ukingo wa ubao hadi sakafuni. Nilitegemea mke wangu ataniletea kipimo kwa kunong'ona. Mlango ukafunguliwa, mama mwenyewe akatoka, akakitangaza kwa sauti hadi wauza vitunguu wakasikia. Nikatamani ardhi inimeze.

Safari hii nilichagua fremu fupi, ambayo bomba lake la juu linashuka kuelekea kwenye siti. Nikaishika usukani, nikageuza uso. Mama akavusha mguu, akasimama, bomba likiwa katikati ya miguu yake.

"Angalia," akasema.

"Naangalia pembeni, mama."

"Wewe utaangalia pembeni, na mimi nitaanguka pembeni. Tazama hapa."

Nikatazama. Nyayo zake zote mbili zilikuwa zimelala chini, na kati yake na bomba palikuwa na nafasi ya kupitisha vidole vitatu. Ndivyo inavyotakiwa iwe. Kisha nikamwomba akae, aweke kisigino kwenye pedeli ikiwa chini kabisa. Mguu ukanyooka bila nyonga kuinama, siti ikawa imepata kimo chake. Nikamwomba aweke kiwiko kwenye ncha ya siti na kunyoosha mkono mbele. Vidole vilibakiza kidogo kuufikia usukani, dalili kwamba mgongo wake hautalazimika kujikunja safari nzima. Kila kitu nilimwambia yeye mwenyewe, uso kwa uso, jasho likinitiririka. Ana nyusi za mke wangu. Sikuwahi kujua.

Suala la kumdaka lilifika kwa wazee wa upande wao. Nikaitwa, nikapeleka kuku, wakala wakicheka, likaisha.

Mama aliizoea baiskeli ile kwa wiki kadhaa, mashineni na kanisani, kila mara akiwa na mzigo kamili nyuma, kama nilivyomwomba. Kisha siku ikafika. Alitoka kwao akalala mjini kwa mpwa wake, na alfajiri akaondoka, unga wa mtama umefungwa kwenye keria na tetea ndani ya kikapu. Tulikuwa tumekubaliana alale nusu ya njia kwa waumini wenzake. Jioni mke wangu akawapigia. Hawakuwa wamemwona. Akapiga simu ya mama, imezimwa. Akapiga tena. Nikatoa baiskeli yangu nje nikaanza kujaza upepo, nikiwa sijui hata nitaanzia wapi kumtafuta.

Simu yangu ikaita. Yangu, si ya mke wangu. Namba ngeni. Na ndani yake sauti nzito, ambayo haikuwahi kunipigia tangu nimeoa.

"Baba, nimefika."

"Umefika wapi, mama?"

"Misigiri. Upepo ulikuwa mzuri, nikaona aibu kulala njiani wakati jua bado liko juu. Simu imeisha chaji, hii ni ya watu. Dada amenitambua. Ameniuliza kama gari limenitapisha, nikamwambia sikupanda gari. Hataki kuamini. Wamemtoa nje ili aione baiskeli, ameishika kengele mpaka sasa hivi hajaiachia."

Nilikaa chini pale pale, pampu mkononi. Mke wangu alinitazama usoni akaanza kulia kabla sijamwambia lolote.

"Lakini goti linaniuma," mama akaendelea, "na wewe ndiye fundi."

"Mbele au nyuma, mama?"

"Mbele. Chini ya kifuniko chake."

"Basi siti imeshuka njiani. Ipandishe upana wa kidole kimoja, ukaze nati. Usiguse kitu kingine."

Nawe baada ya safari yako ya kwanza ndefu, lisikilize goti. Likiuma mbele, pandisha siti upana wa kidole kimoja. Likiuma nyuma, ishushe upana huo huo. Kaza nati, kisha endesha siku nzima kabla ya kubadilisha kitu kingine.