Siku Tuliyompeleka Mbwa Magaliesberg

Mbwa mwenyewe hakuwa wetu. Tulipopanga nyumba ya uani kule mtaa wa La Rochelle, huku kusini tulikohamia, tulimkuta pale, ameachwa na mpangaji aliyetutangulia. Binti yetu, wakati huo ana miaka minne, akampa maji kwenye kopo la siagi, ikawa basi.

Sisi watu wa Tanga tumelelewa kumkwepa mbwa, si kwa meno yake tu, bali kwa mate. Akilamba chombo, kinakuwa najisi: unakiosha mara saba, mojawapo kwa udongo. Nilimweleza binti yangu haya taratibu, kama nilivyoelezwa mimi. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, kwa Kizulu, udongo gani ni mzuri zaidi. Tukaafikiana mbwa akae uani na bakuli lake, na mtoto akimaliza kucheza naye avue mlangoni lile gauni lake la kuchezea na mbwa. Miaka mitano tuliishi hivyo bila ugomvi.

Mwaka 2018 mwenye nyumba akaiuza. Tulichopata ni vyumba viwili Jeppestown, orofa ya tatu, karibu na banda ninaloshonea nguo. Sharti la jengo lilikuwa wazi: hakuna mbwa. Mteja wangu mmoja, mama wa Kitswana anayetunza shamba la wageni chini ya milima ya Magaliesberg, akasema atampokea. Watu wa mjini huenda kule Jumapili na watoto na mbwa wao, wakatembea kando ya mto, wakachoma nyama, jioni wakarudi. Nikaona nimepata njia nyepesi. Tungekwenda kama familia inayotembea, na saa ya kuondoka ningetafuta la kumwambia mtoto.

Mimi ni mtu wa kueleza mambo. Mteja akilalamika suruali inambana, namwonyesha mshono mpaka aelewe. Hili moja sikulieleza.

Ukitaka kumsafirisha mbwa kwa gari, usimlishe asubuhi, atatapika. Chukua maji ya nyumbani, maana wengine hukataa maji mageni. Na mkirudi mkague masikio yake, majani ya kule yana kupe. Niliandaa yote hayo, isipokuwa la mwisho, ambalo halikunihusu tena.

Gari tuliazima kwa jirani. Ilikuwa Julai, baridi kali, na wingu zito ambalo si la kawaida wakati ule wa mwaka. Mbwa alilala nyuma juu ya shuka kuukuu, miguuni pa binti yetu.

"Umemwambia?" mke wangu akaniuliza.

"Bado."

"Utamwambia lini, Baba? Tukishawasha gari kurudi?"

"Taratibu basi. Anasikia."

"Nani, huyu? Mwambie akuletee chumvi, anakuletea sukari."

Tukacheka. "Basi mbwa atabaki hukohuko," nikasema. "Yule mama ameshamtandikia gunia."

Wazazi wengi wa huku tunakosea hivyo. Mtoto akijibu kwa Kizulu au Kiingereza, tunadhani Kiswahili hakimo kichwani mwake, nasi tunazungumza mbele yake kana kwamba tumefunga mlango.

Shamba lilikuwa limekauka. Majani yamepauka, upande mmoja umeungua na kuwa mweusi hadi mguuni pa mlima, na mto umebaki mkondo mwembamba kati ya mawe. Familia nyingine zilipita na mbwa wao waliovishwa.

"Mbwa yule ana sweta zuri kuliko lako," mke wangu akasema. "Na wewe ndiye fundi."

Binti yetu hakugusa chapati. Alikuwa karibu na uzio na mbwa wake: anamketisha, anaenda hatua kumi, anasimama, anarudi. Kisha hatua ishirini. Kisha anajificha nyuma ya choo cha wageni na kuchungulia. Mbwa akimfuata, anamrudisha palepale na kuanza upya.

"Angalau anafurahi," nikasema.

Adhuhuri nikatia udhu kwa maji ya chupa, nikatandika msala pembeni. Kabla sijaanza nikasikia sauti ya mtoto: "Sala!" Kisha kwa ukali zaidi: "Sala lapha!"

Nikageuka. Mbwa ameketi, na binti yangu amemwinulia kidole.

"We! Mbwa ndiye unamwambia asali? Sala unaifanyia mzaha?"

Mke wangu akaziba mdomo, sijui kwa kicheko au kwa hofu.

"Eish, Baba." Akahamia Kiswahili, neno moja moja. "Kwa Kizulu, sala ni baki, lapha ni hapa. Namfundisha kubaki. Mlisema kwenye gari atabaki."

Niliswali, lakini nilipoteza hesabu ya rakaa, nikaanza tena. Kisha nikaenda kuketi naye kwenye majani. Nikamweleza nyumba kuuzwa, orofa ya tatu, sharti la jengo, yule mama. Nilieleza vizuri, lakini nilikuwa nimechelewa.

"Ulitaka kuniambia lini?"

"Jioni."

"Angekimbiza gari, Baba. Barabara ina malori."

Mimi nilikuwa nimewaza machozi yake tu. Yeye aliwaza malori.

Saa kumi yule mama akaja na gunia na bakuli. Binti yangu akamsalimia, "Dumela, Mma," akamkabidhi kamba. Akainama, akaweka uso wake wote kwenye shingo ya mbwa, nami sikusema lolote kuhusu gauni wala mate. Akalitamka lile neno la kubaki mara moja tu, kwa sauti ya chini, akaingia garini.

Mbwa hakutukimbiza. Kwenye kioo nilimwona ameketi wima langoni, masikio juu. Mke wangu alilia njia nzima. Binti yetu hakulia wala hakutazama nyuma.

Tulipofika kwenye taa za kwanza za kuongoza magari mjini, ambazo huku sote twaziita roboti, zilikuwa nyekundu. Ndipo akasema, kwa Kiswahili tena:

"Baba, msiongee kama mimi sipo."

"Sawa, mwanangu."

"Hata kama ni kitu kibaya."

"Hata kama ni kibaya."

Wa nyuma yangu akapiga honi. Taa ilikuwa kijani tangu zamani.