Upana wa Shimo la Kifanya

Kwa miaka ishirini, asiyemjua Nahumu pale Kifanya alikuwa mgeni. Mwamba ukikataa sururu, aliitwa yeye. Aliulundikia kuni, akauchoma kutwa nzima, kisha akaumwagia maji ya baridi, nao ukapasuka. Watu walimwita Bwana Mwamba, na jina hilo alilipenda kuliko lile la ubatizo.

Mwaka wa hamsini na tatu kisima cha usharika kikamshinda. Kwenye kina cha watu wawili alikuta jiwe, na humo shimoni moto ulitoa moshi mtupu. Wazee wa kanisa wakaamua kukodi nyundo ya upepo kwa mkandarasi wa barabara, kule Makambako. Wa kuishika angekuwa Lameki, aliyefanya kazi barabarani miaka miwili akarudi na buti.

Nahumu alimchukia kwa buti zile. Alimchukia kwa vile wanawake walivyomsalimu "Kamwene!" toka mbali, na zaidi kwa vile Tabea, mkewe mwenyewe, alivyosema, "Mungu amsaidie kijana wa watu. Nimechoka kupanda kilima na maji ya mtoni." Kijiba cha roho kikamshika.

Ili kumpoza, wazee walimtuma yeye akachague mashine. "Jiwe ni lako, baba, unalijua," mwinjilisti Anania alimwambia.

Huko Makambako karani wa mkandarasi alimwonyesha nyundo mbili. "Hii kubwa ni ya kufumulia barabara, inataka mahali peupe. Hii ndogo ndiyo ya visimani, mtu anaigeuza peke yake. Shimo lako lina upana gani, mzee?"

Shimo lilikuwa la mtu kuinama tu, na Nahumu ndiye aliyelichimba.

"Pana," alisema. "Kama barabara hii."

Karani akaandika. Mchimba kisima huingia mwenyewe, husema watu, lakini huyu alimchimbia mwenzake, tena kwa furaha.

Jumamosi lori likaileta nyundo kubwa, kompresa ya kuisukumia upepo ikikokotwa nyuma, na kijiji kizima kikaja kutazama. Lameki akateremka. Nyundo ikamrusha huku na huku na kumbamiza ukutani. Hakuweza kuiinamisha wala kuiinua. Alijaribu mara tatu. Alipopanda, paji la uso lilimvuja damu. Nahumu akatazama kando asije akacheka.

Anania akachukua karatasi ya kukodi, aone kama wanaweza kubadilishiwa. Akaisoma kwa sauti, kama asomavyo Injili: "Shimo, upana wa barabara. Kwa maelezo ya Mzee Nahumu."

Tabea akageuka, akamtazama mumewe. Nahumu alitamani jiwe limfunike.

"Mwinjilisti, usimlaumu mzee," Lameki alisema, akijipangusa damu kwa kiganja. "Mimi ndiye niliyemwambia aseme hivyo ili tupewe kubwa. Nilijiona fundi."

Watu wakaangua kicheko. Fundi wa buti! Wakamzomea mpaka barabarani, na wazee wawili wakaja kumshika Nahumu mkono, Bwana Mwamba wao.

Tabea peke yake hakucheka. Alijitwika mtungi, akampitia Lameki njiani na kumwambia, "Pole, mwanangu," kisha akashuka mtoni. Nahumu aliwatazama wote wawili, na siku hiyo alimwonea Lameki wivu kuliko siku zote.