Nukta na Ukurasa wa Pili

Jina la Nukta alilipatia mbele ya ubao wa matangazo. Siku hiyo idara ya hisabati na fedha ilikuwa imebandika majina ya walioomba kwenda kusoma mwaka wa tatu ng'ambo, na nafasi ilikuwa moja. Wa kwanza alikuwa na wastani wa nne nukta sita. Wa pili alikuwa na nne nukta tano, na huyo wa pili ndiye Nukta, aliyepitwa kwa nukta moja. Wa kwanza alikuwa binamu yake, mtoto wa shangazi yake, aliyekua naye nyumba zikigusana ukuta. Huyo watu walimwita Shwari, kwa sababu hata nyumba ikishika moto angeuliza kwanza kama kuna mtu kaona kandambili zake.

Nukta alisimama pale dakika nzima akitafuta kosa la kujumlisha. Halikuwepo. Akamkumbatia binamu yake, akamwambia amefurahi kama vile ni yeye mwenyewe anayeondoka. Nusu ya maneno hayo ilikuwa kweli.

Wanafunzi wa hisabati na fedha ni viumbe wa namna yake. Wanakokotoa faida ya hatifungani za miaka thelathini wakiwa wamekalia kiti chenye miguu mitatu. Wengi wao wanaota benki na shati lenye vifungo vya mkononi. Nukta hakutaka benki. Alitaka chaki. Kila mwisho wa mwaka wa nne idara ilimchukua mhitimu mmoja kuwa msaidizi wa mhadhiri, kwa kuangalia wastani wa miaka yote, na alama za ng'ambo zilihesabiwa humo humo. Kazi hiyo alikuwa ameitolea macho tangu muhula wa kwanza, na sasa aliyesimama kati yake na ubao alikuwa amepanda ndege.

Picha zikaanza kuja. Shwari na koti. Shwari kwenye ngazi za maktaba. Shwari na watu sita wanaocheka, na hakuna aliyeeleza wanacheka nini. Nukta alizikuza kwa vidole viwili akitafuta huzuni, walau mkunjo mmoja kwenye paji la uso. Alipoukosa akafungua jedwali kwenye kompyuta. Safu ya kwanza tarehe, ya pili idadi ya meno yanayoonekana, ya tatu idadi ya marafiki, ya nne koti ni lile lile au jipya. Akachora mstari, akaona meno yanaongezeka kila wiki. Akaufuta. Akachora mwingine, safari hii akaanzia ile wiki Shwari aliyougua jino na kumalizia wiki hiyo hiyo. Huo ulishuka vizuri.

Shida kubwa ilikuwa shangazi. Yeye ni fundi cherehani, na chumba chake cha mbele ndicho duka. Mtu alikwenda kupunguziwa suruali akarudi anajua maktaba ya ng'ambo ina ghorofa ngapi. Wateja walipimwa kiuno huku wakisikilizishwa habari za theluji. Nukta akaanza kupita njia ya nyuma, inayozunguka mapipa ya taka, akisema anapenda kutembea.

Basi alasiri moja shangazi akaingia kwao, miwani ya kushonea ikiwa bado kwenye paji la uso, simu mkononi. Matokeo ya Shwari yalikuwa yamefika na yeye haelewi kitu.

"Nisomee, mwanangu. Si wewe ndiye msomi tuliyebakishiwa."

Neno hilo la mwisho Nukta alilimeza kama kidonge bila maji. Akaitazama picha. Maandishi yalikuwa ya lugha asiyoijua, lakini tarakimu hazihitaji mkalimani. Moja nukta tatu. Moja nukta saba. Moja kamili, tena kwenye somo la uwezekano, ambalo Shwari alizoea kulisoma huku akichana nywele. Kwenye chuo chao alama ya juu ni tano, na moja wanampa aliyeweza kuandika jina lake bila kukosea.

Chini pembeni palikuwa na maandishi madogo: 1/2. Aliyaona. Mtu aliyesoma hisabati miaka karibu mitatu aliona kwamba huu ni ukurasa wa kwanza kati ya miwili, na hakuuliza wa pili uko wapi.

Alikwenda jikoni akaosha kikombe kilichokuwa kisafi, kwa sababu uso wake ulikuwa unataka kufanya jambo ambalo halifai mbele ya shangazi. Aliporudi ulikuwa wa msibani.

"Shangazi, kaa kwanza."

Akamweleza pole pole, akamshika na mkono. Akamshauri asimpigie Shwari kumuuliza, maana mtoto akiwa mbali na aibu juu anaweza kufanya lolote. Jioni ile ile akafungua kundi la simu la ukoo, akaliita Tumshike Mkono, akawaingiza watu ishirini na watatu na kumwacha Shwari nje. Baba mdogo, ambaye hajawahi kuona kipaza sauti akakipita, alituma ujumbe wa sauti wa dakika kumi na moja kuhusu kuanguka na kuinuka.

Wivu ukamtoka Nukta kama homa inavyotoka. Akarudi kupita njia ya mbele. Alimsifu Shwari kwa kila mtu, tena kwa sauti ya chini, kama wanavyosifiwa marehemu. Na akaanza kuandika daftari: masomo yote ya mwaka wa tatu kuanzia sifuri, kwa lugha ya mtu anayemfundisha aliyefeli kila kitu, na michoro yenye mishale myekundu, na mifano mitatu kwa kila hatua. Hakuwahi kufanya kazi kwa raha namna ile. Alishaiona siku ya kulikabidhi, watu wamejaa sebuleni, na yeye akisema si kitu.

Siku moja alikwenda kuchukua sketi yake kwa shangazi, akamkuta na gauni la kumpokelea mwanawe, analifumua lesi uzi kwa uzi. Habari za theluji zilikuwa zimekwisha siku nyingi.

"Ni mimi, au?" shangazi akamuuliza bila kuinua macho. "Nilimsifu mno?"

Kitu kilimchoma Nukta. Akajiambia labda ni sindano.

Shwari akarudi. Sebule ya shangazi ilijaa ndugu waliovaa nyuso za kumzika mtu. Baba mdogo akasimama akahutubia kuhusu vilema waliokuja kuwa wakimbiaji, na Shwari akawa anageuka nyuma kuangalia anasemwa nani. Hotuba ilipoisha, Nukta akatoa daftari, akasema si kitu.

"Asante," Shwari akasema. "Lakini nani kafeli?"

Baba mdogo akakohoa. Shangazi akamfungulia simu. Shwari aliitazama, kisha akasema taratibu, "Mama, hii ni nusu. Nilikutumia kurasa mbili."

Ya pili ilikuwemo humo humo. Shangazi alidhani ni picha ile ile imekuja mara mbili. Kwenye ukurasa huo palikuwa na kijijedwali, na Shwari akawatafsiria: kule moja ndiyo ya juu kabisa, tano ndiyo umeanguka.

Watu wote ishirini na watatu wakamgeukia Nukta, pole pole, kama feni. Mama yake akasema kwa chini, "Na hisabati yote hiyo." Shangazi aliinuka akaenda chumba cha mbele, na baada ya muda cherehani ikaanza kulia.

Binamu hao wakakutana uani, kwenye kamba ya nguo.

"Uliiona ile moja kwa mbili pale chini?" Shwari akauliza.

"Niliiona."

"Ukaiacha."

"Nilikuwa na furaha. Sikutaka kuichunguza."

"Miezi mitatu?"

"Na siku nne."

Shwari alitaka kukasirika, ikamshinda, akacheka. Kisha akamwambia yeye hana la kudai, amekuwa akila raha tu huko, lakini aende chumba cha mbele akamwambie mama yake maneno hayo hayo bila kuyapamba. Nukta akaenda, akayasema. Shangazi hakuondoa mguu kwenye cherehani.

"Shika ncha hiyo," akasema.

Akaishika lesi mpaka ikaisha kushonwa kwenye pindo lote la gauni.

Mwaka wa nne ukapita. Kazi ya chaki ilikwenda kwa Shwari, na tofauti, kwa kuwa dunia haina haya, ilikuwa nukta moja. Nukta akaajiriwa kampuni ya bima, ambako anakadiria watu wataumwa lini. Siku Shwari alipofundisha kwa mara ya kwanza, Nukta aliomba ruhusa kazini akakaa mstari wa nyuma kabisa. Alikuja kutafuta makosa.

Alichokuta ni daftari lake. Kila mwanafunzi alikuwa na nakala. Binti mmoja akanyoosha mkono akauliza kwa nini kila mchoro una mshale mwekundu ulioandikwa "huku ndiko kuzuri", kwani kuna mtu mzima asiyejua?

"Mwandishi yuko pale nyuma," Shwari akasema. "Njoo uwajibu, dada."

Nukta akaenda. Akapewa chaki. Akawasimulia kisa chote, na meno, na jedwali, na hotuba ya baba mdogo, na kabla hawajamaliza kucheka akawa ameshawaingiza kwenye vipimo na mielekeo yake. Alipotazama saa, dakika arobaini zilikuwa zimekwenda. Darasa likampigia makofi, na yule binti akauliza kama atakuja tena wiki ijayo, maana leo wameelewa.

Shwari alikuwa kando ya ubao, kifutio mkononi, anatabasamu kama kawaida yake. Lakini juu ya nyusi, pale pale ambapo Nukta alipapekua mwaka mzima kwenye picha, palikuwa na mkunjo mmoja mdogo.

Nukta alirudi ofisini anapiga mluzi. Alilifungua lile jedwali la zamani, akaongeza safu ya tano, ya mikunjo, akaandika: moja.