Mahari na Mahali

Mpaka leo nikisikia mtu anasema "habali" badala ya "habari", damu inanichemka, na sijivunii hata kidogo.

Nilitoka Iyula, kwetu Mbozi, kwenda kuuza nguo Tunduma, mpakani na Zambia, nikiwa bado msichana. Wenzangu dukani, waliotoka mikoa mingine, walinicheka mpaka basi. Nikisema "naludi", duka zima linaniigiza, "Naludi!" Mzambia akija na Kiswahili chake cha kuokoteza wanamsifia. Mimi herufi moja tu, kicheko. Nikaufundisha ulimi. Nafagia huku nanong'ona: rudi, karo, barabara. Mwaka haujaisha, akaletwa msichana mpya kutoka kwetu Mbozi, na mimi ndiye niliyemcheka kwa sauti kuliko wote.

Kisha nikapata mchumba, mtu wa Morogoro, na wazee wake wakaja nyumbani kuposa. Nilikuwa naingiza chupa ya chai. Baba, ambaye kahawa yake ndiyo iliyonisomesha, akajiweka sawa kitini na kusema, "Sasa wageni wetu, tuzungumze mahali."

"Mahali gani tena, mzee?" mshenga wao akauliza kwa adabu. Alidhani tunahamia chumba kingine, akaanza hata kunyanyuka.

"Mahari, baba!" nikasema. "Ma-ha-ri!"

Ulimi hauna mfupa. Baba alinitazama, akainamisha macho, na mazungumzo yote yaliyobaki akayamaliza baba mdogo.

Wiki ile nilikuwa siketi, sisimami. Nachota maji, nayasahau njiani. Mshenga hakucheka, wala mchumba wangu hakujali. Hasira ilikuwa yangu peke yangu. Nilimsikia baba akisema kama nilivyokuwa nikisema mimi, tena mbele ya watu niliotaka wasijue. Niliona aibu, halafu nikaona aibu kwa kuona aibu, na kuomba radhi sikuomba.

Siku ya harusi mshereheshaji akamwita baba atoe nasaha. Maneno hayo nilikuwa nimeyangoja tangu utotoni. Baba akampa mdogo wake kipaza sauti. Baba mdogo akasema "halusi" tangu mwanzo hadi mwisho, na ukumbi ukapiga vigelegele.

Wakati wa kuagana nikamshika baba mkono. "Baba, mbona hukunisemea hata neno moja?"

Akanifuta vumbi begani. "Ningekuhalibia, mwanangu."